Paa Moja, Kaya Mbili: Kutengana kwa Makubaliano, Amri ya Mahakama au Talaka Mkiwa Bado Nyumba Moja

Tanzania wanandoa wengi hutengana kabla ya kuhama. Kodi imeshalipwa ya miezi sita, nyumba ndiyo kwanza imeezekwa, watoto wako katikati ya mwaka wa shule, au kila mmoja anaogopa kutangulia kutoka asije akaambiwa ameitoroka ndoa. Basi mmoja anahamia chumba cha watoto, mwingine anabaki chumba kikubwa, na siku zinakwenda bila neno kuandikwa. Je, huko ni kutengana au ni ugomvi uliokawia? Siku hakimu atakapouliza, jibu litatoka kwenye mambo madogo ya jikoni na ya pochi ambayo hakuna aliyeyapanga.

Tunalinganisha hapa njia tatu zinazotambuliwa na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 (Sura ya 29), pamoja na ile ya nne ambayo wengi huifuata bila kuichagua: kunyamaza. Sheria hiyo inagusa ndoa zote, ziwe za Kikristo, za Kiislamu, za kimila au za kiserikali. Walioishi pamoja miaka 2 au zaidi na kujulikana na watu kama mume na mke, bila kufunga ndoa, wana mlango wao: dhana ya ndoa ya kifungu cha 160. Hao hawahitaji talaka, lakini wanaweza kuiomba mahakama amri za matunzo, watoto na mali.

Kinachohesabiwa ni kaya, si kuta

Watu wengi hukosea hapa, kwa hiyo tukae hapa kidogo. Kifungu cha 107(2) kinataja kutengana kwa hiari, au kwa amri ya mahakama, kulikoendelea kwa angalau miaka 3, kuwa mojawapo ya ushahidi kwamba ndoa imevunjika. Kutelekezwa nako kunahitaji angalau miaka 3. Swali la wanaoishi pamoja ni moja: miaka hiyo inaanza kuhesabika lini, kama wote bado wanaingia kwa mlango uleule?

Hukumu tatu za Uingereza zimelifafanua jambo hili vizuri. Mahakama za Tanzania hazibanwi nazo, ila zinaweza kushawishika nazo. Katika Hopes dhidi ya Hopes (1949), mke alihama kitanda na kuacha kumfulia mumewe, lakini walikula meza moja na kutumia vyumba vingine kwa pamoja. Mahakama ikasema hapo kuna kaya moja isiyo na furaha, si kaya mbili. Katika Mouncer dhidi ya Mouncer (1972), wanandoa walilala vyumba tofauti, wakaendelea kula pamoja na kugawana usafi, na mume alibaki kwa sababu ya watoto. Hawakuhesabiwa kuwa wametengana. Fuller dhidi ya Fuller (1973) ilikwenda kinyume: mume mgonjwa alirudi kuishi nyumba aliyokuwamo mkewe na mwanamume mwingine, akalipa kodi kama mpangaji, akapikiwa na kufuliwa. Mahakama ikaona wametengana, kwa kuwa mke alimhudumia kama mwenye nyumba anavyomhudumia mpangaji wake. Unyumba haukuwapo tena.

Kwa hiyo kuhama chumba peke yake hakutoshi. Kula chungu kimoja, mke kuendelea kufua nguo za mume, mume kuendelea kutoa fedha ya matumizi mkononi bila hesabu, kwenda pamoja harusini mkiwa mmevaa sare: vyote hivyo vinaonyesha kaya moja. Upande wa pili, kugusana mabega jikoni hakuvunji kutengana kama kila mmoja anapika chake, anakila peke yake na analipia sehemu yake.

Kunyamaza

Njia hii haina gharama na haina aibu mtaani, ndiyo maana inapendwa. Hasara yake ni tarehe. Baada ya miaka minne mmoja anasema tulitengana mwaka ule, mwingine anasema tulikuwa tumenuniana tu, na hakuna karatasi wala shahidi. Isitoshe, hakuna kilichopangwa kuhusu ada za shule, mkopo wa SACCOS au kiwanja kilichonunuliwa katikati. Kama umeishi hivi tayari, usijidanganye kwamba muda wote uliopita umeshahesabiwa. Andika leo, na utaje tarehe ya mwanzo ambayo nyote wawili mnaikubali.

Makubaliano ya maandishi

Mume na mke wanaweza kukubaliana kuishi mbalimbali bila kwenda mahakamani. Kwa wanaobaki nyumba moja na bado wanaweza kuongea bila kupigana, sisi tunaona hii ndiyo njia ya kuanzia. Si lazima iandikwe na wakili, lakini wakili au msaidizi wa kisheria aipitie. Chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 wapo wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa, na huduma yao kwa wasio na uwezo ni bure.

Hati nzuri huanza na tarehe ya kutengana, kisha hueleza nyumba inavyogawanywa: nani analala wapi, jiko ni la nani saa ngapi, sebule inatumikaje. Baada ya hapo huja fedha. Usiandike "tutasaidiana gharama". Andika umeme wa LUKU unanunuliwa na nani kwa zamu gani, maji nusu kwa nusu au vinginevyo, kodi ya pango kwa viwango, ada ya kila mtoto na tarehe yake ya kulipwa. Watoto wawe na sehemu yao: nani anawapeleka shule, nani anawapikia siku zipi, anayeugua anapelekwa hospitali na nani. Mahakama haifungwi na makubaliano yanayomuumiza mtoto, wala mzazi hawezi kusaini akaacha wajibu wa kumtunza mwanawe.

Halafu ambatisha orodha ya mali kama ilivyo siku hiyo, sehemu ambayo huachwa mara nyingi kuliko zote. Kiwanja na namba yake, nyumba na hatua iliyofikia, gari na kadi yake, salio la akaunti, akiba ya VICOBA, mifugo, na madeni yote pamoja na sababu ya kila deni. Kisa chake ni hiki: ndoa bado ipo, na mali inayopatikana wakati ndoa ipo inaweza kudaiwa kuwa jasho la wote. Bila orodha, pikipiki uliyoinunua miezi minane baada ya kutengana itabishaniwa sawasawa na nyumba mliyoijenga pamoja. Pagale lililoanza kujengwa kabla ya ndoa liandikwe pia, kwa sababu mali ya mmoja ya kabla ya ndoa ikiendelezwa kwa kiasi kikubwa na mwenzake au na wote wawili huingia kwenye mgawanyo.

Kila upande ulete mashahidi wawili watu wazima, kila ukurasa usainiwe, nakala ziwe mbili au zaidi. Ukiongeza hati ya kiapo mbele ya kamishna wa viapo, tarehe inapata nguvu zaidi. Udhaifu wa njia hii ni kwamba mwenzako akiivunja, hakuna atakayemlazimisha hadi uende mahakamani.

Amri ya kutengana

Kifungu cha 99 kinamruhusu mwanandoa yeyote kuomba amri ya kutengana au talaka kwa sababu ndoa imevunjika. Tofauti ni kipimo. Kwa talaka, mahakama iridhike kwamba ndoa imevunjika kiasi kisichorekebishika. Kwa kutengana, kuvunjika kunatosha. Shauri linaweza kufunguliwa Mahakama ya Mwanzo, ya Wilaya, ya Hakimu Mkazi au Mahakama Kuu. Mahakama ya Mwanzo iko karibu zaidi na watu, na mambo yake huendeshwa kwa Kiswahili.

Amri ikitolewa, wajibu wa kuishi pamoja na kupeana usaidizi na ushirika wa ndoa unaondoka, lakini ndoa yenyewe inabaki. Mahakama inaweza kuamua matunzo, watoto wakae na nani, na hata kugawa mali. Wengi hushangaa wakisikia kwamba kifungu cha 114 kinataja mgawanyo wakati wa amri ya kutengana au ya talaka, vyote viwili. Mahakama hutazama mchango wa kila mmoja kwa fedha, mali au kazi, madeni yaliyochukuliwa kwa faida ya wote, mahitaji ya watoto na mila za wahusika. Tangu hukumu ya Mahakama ya Rufani katika Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Seif (1983), kazi za nyumbani na malezi ni mchango. Mama wa nyumbani asikubali kuambiwa kwamba hana chake kwa vile hakuwa na mshahara.

Kwa wanaobaki nyumba moja, faida kubwa ya amri ni kwamba inaweza kutekelezwa. Mwombe hakimu aandike ndani ya amri yenyewe vyumba, jiko na malipo. Amri inayosema "wametengana" tu inawaacha mkigombania ufunguo wa choo siku ya pili yake. Sheria inaipa mahakama pia uwezo, shauri likiwa linaendelea na hata baada ya amri, wa kumzuia mtu asimlazimishe mwenzake kuwa naye wala kumbughudhi. Ombi hili lina maana kubwa zaidi pale mlango wa mwenzako ulipo hatua tano kutoka wako, na ni vibaya kwamba mara nyingi haliombwi.

Asiyeridhika na uamuzi ana siku 45 za kukata rufaa Mahakama Kuu kama shauri lilianzia mahakama ya chini.

Talaka huku bado mko pamoja

Si lazima kungoja miaka 3. Kauli ya "subirini kwanza miaka mitatu" imewakalisha watu wengi kwenye mateso bila sababu. Miaka hiyo ni ushahidi mmoja tu katika orodha ndefu. Ukatili wa mwili au wa akili, ugoni na kutojali kwa makusudi havina muda huo. Wala miaka 3 ikitimia talaka haiji yenyewe, kwani bado mahakama hupima kama ndoa imevunjika kabisa.

Masharti mawili huikwamisha. La kwanza, ndoa isiyofikisha miaka 2 haiombewi talaka bila ruhusa ya mahakama, na ruhusa hiyo hutolewa pale mwombaji anapopata tabu isiyo ya kawaida. La pili ni Baraza la Usuluhishi wa Ndoa. Ni lazima shauri lipite huko kwanza, Baraza lishindwe kuwapatanisha, litoe hati. Hati hiyo iwe imetolewa ndani ya miezi 6 kabla ya kufungua shauri. Hapo mashauri hufa: mtu anachukua hati, anasafiri, anarudi baada ya miezi minane, anafungua. Au anapeleka barua ya mwenyekiti wa mtaa akidhani ndiyo hati ya Baraza. Mahakama za juu zimefuta mashauri yaliyokwisha kusikilizwa hadi mwisho kwa kasoro ya hati, na wahusika wakarudi mwanzo.

Vighairi vipo. Mwenzi aliyekutelekeza na hajulikani alipo, aliye nje ya nchi na hatarajiwi kurudi ndani ya miezi 6, aliyekataa kwa makusudi kufika barazani, aliyefungwa maisha au angalau miaka 5, au mwenye maradhi ya akili yasiyopona. Kwa waishio nyumba moja kinachotumika zaidi ni cha kukataa kuitika wito. Ukidai hivyo, uwe na nakala za miito na uthibitisho kwamba ilimfikia. Haitoshi kusema "alikataa, tunaishi naye, ninamjua".

Kwa ndoa ya Kiislamu, mpangilio una uzito. Mahakama hutoa amri ya talaka pale Baraza lilipothibitisha kushindwa, na baada ya hapo mmoja akafanya tendo linalovunja ndoa kwa sheria ya dini hiyo. Talaka iliyoandikwa kwanza, Baraza likafuata, huleta matatizo. Tena, mke aliyepewa talaka rejea, ile ambayo mume bado anaweza kumrudia, hukaa eda (muda wa kungoja) katika nyumba ya ndoa. Kukaa huko ni eda, na kuna hesabu yake. Kusichanganywe na kutengana kwa makubaliano.

Zikiwekwa bega kwa bega

| | Makubaliano | Amri ya kutengana | Talaka |
|---|---|---|---|
| Ndoa | Inabaki | Inabaki | Inakwisha |
| Baraza la Usuluhishi | Halihitajiki | Sharti limeandikwa kwa talaka, ila kupita ni busara | Lazima, isipokuwa vighairi |
| Ndoa chini ya miaka 2 | Inawezekana | Inawezekana | Kwa ruhusa tu |
| Mgawanyo wa mali | Kadiri mnavyokubaliana | Mahakama inaweza | Mahakama inaweza |
| Kuolewa tena | Hapana | Hapana | Ndiyo |
| Nani analazimisha utekelezaji | Hakuna hadi mfungue shauri | Mahakama | Mahakama |

Tumesema ni busara kupita Baraza hata kwa kutengana kwa sababu mahakama nyingi huuliza, na kwa sababu mkibadili nia kuelekea talaka mtakuwa mmeshaanza. Kumbukeni tu ile miezi 6.

Jedwali halisemi habari ya nyumba, nayo ndiyo inayowaweka pamoja. Kifungu cha 59 kinakataza mwanandoa kuuza, kutoa zawadi, kupangisha au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake wakati ndoa ipo. Mliotengana bado mko ndani ya kinga hiyo. Aliyetalikiwa hayuko hivyo, kwa hiyo anayeomba talaka aombe papo hapo amri kuhusu nyumba, asiiache kwa shauri la baadaye. Kama hati ni ya jina la mwenzako peke yake, weka zuio, yaani taarifa ya kulinda haki yako katika nyumba, kwa Msajili wa Hati sasa, njia yoyote utakayochagua. Zuio halimwumizi mwenye nia njema. Nyumba ya kupanga ni suala jingine: tazama mkataba una jina la nani na unaisha lini, maana mwenye nyumba hahusiki na makubaliano yenu.

Suala jingine ni mirathi na uhusiano wa nje. Mliotengana bado ni mume na mke, na mmoja akifariki mwingine bado ni mjane au mgane wake. Vivyo hivyo, mwenye uhusiano mpya wakati wa kutengana bado anafanya ugoni mbele ya sheria, na mwenzake anaweza kumdai fidia huyo mtu wa tatu. Wanaofikiri kutengana ni nusu talaka huumia hapa.

Pale nyumba moja isipofaa kabisa

Kama kuna kupigwa, vitisho au kulazimishwa unyumba, acha mpango wa kugawana vyumba. Hakuna ratiba ya jiko inayomzuia mtu anayepiga. Nenda Dawati la Jinsia na Watoto polisi, chukua PF3 (fomu ya polisi ya matibabu) kabla ya matibabu au mara tu baada yake kama hali ni mbaya, na uhifadhi nakala. Kifungu cha 130 cha Kanuni ya Adhabu kinahesabu kuwa ubakaji tendo la mume kumwingilia mke waliyetengana bila ridhaa yake. Hivyo karatasi inayoonyesha kwamba mmetengana si urasimu. Kuondoka kwa kukimbia ukatili si kutelekeza ndoa, kwani kutelekeza kunakotajwa na sheria ni kule kwa makusudi, bila sababu ya haki.

Nani achague ipi

Wanaosikilizana, wenye watoto na nyumba isiyokwisha, na ambao bado hawajui kama wataachana: makubaliano, kwa mwaka mmoja, kisha yapitiwe upya. Ambao dini yao haikubali talaka lakini fedha zimeshakuwa ugomvi: amri ya kutengana, kwa kuwa inatoa matunzo na mgawanyo bila kugusa kiapo. Amri hiyo inawafaa pia walio kwenye ndoa changa isiyofika miaka 2. Ambao mmoja anauza vitu kimyakimya: amri ya kutengana au talaka, pamoja na zuio, bila kupoteza miezi kwenye mazungumzo. Anayejua ndoa imekwisha na ana ushahidi wa ukatili au ugoni, aende talaka moja kwa moja.

Vyovyote iwavyo, wiki ya kwanza fanyeni mambo haya. Tenganisheni vyombo na rafu za chakula. Fungueni au tenganisheni akaunti. Lipaneni kwa simu badala ya fedha taslimu, na mwandike sababu ya malipo, "ada ya muhula wa kwanza" badala ya kuacha wazi, kwa kuwa ujumbe wa muamala una tarehe na haubishiki. Wekeni daftari la gharama, ukurasa mmoja kwa mwezi, wote wasaini. Mtajeni mtu mzima mmoja anayefika nyumbani mara kwa mara na anayeweza kueleza alichokiona mwenyewe: jirani, ndugu, mjumbe. Watoto wasifanywe mashahidi.

Na mkirudiana kwa muda, hata wiki mbili, andikeni tarehe ya kurudiana na tarehe ya kutengana tena. Neno la sheria ni kutengana "kulikoendelea", na aliyerudi kitandani na mezani amefungua hoja kwamba hesabu ya miaka 3 inaanza upya.